Ngozi Huanza Kufa Ukingoni

Askari yeyote aliyepata kupiga gwaride anajua jinsi mshipi wa ngozi unavyokaguliwa. Mkaguzi hutazama bizimu kama inang'aa, hutazama uso wa ngozi kama umepakwa rangi na kusuguliwa ukawa kama kioo, kisha humwendea mtu wa pili. Ni mara chache macho yake kushuka hadi ukingoni, pale kisu kilipopita siku mshipi ulipokatwa. Na hapo hasa ndipo ngozi huanza kufa. Uso wake ni mgumu, kwa kuwa ndio uliomkinga mnyama na mvua na miiba alipokuwa hai. Ukingo ni jeraha lililoachwa wazi: nyuzinyuzi zisizo na idadi zimekatwa kwa mpigo mmoja, nazo hunywa kila tone la maji, jasho na chumvi linalozifikia. Maji yakiingia, nyuzinyuzi huvimba; yakikauka, husinyaa; na baada ya misimu kadhaa tabaka za mshipi huachana kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Sajenti mmoja mstaafu wa polisi, mkazi wa Kashikishi wilayani Nchelenge, alivaa mshipi wa kazi kwa zaidi ya miaka ishirini bila kulifahamu jambo hilo. Alilifahamu alipokwisha kurudisha sare na kuanza kutafuta kazi ya mikono ya kuisaidia nyumba yake.

Nyumba hiyo, kama nyumba nyingi za ufuko ule, iliishi kwa ziwa. Mweru ni ziwa la kilomita za mraba zipatazo 5,120, lililogawanywa na mpaka wa Zambia na Kongo. Mto Luapula huingia kwa upande wa kusini, na Mto Luvua hutoka kwa upande wa kaskazini, karibu na Pweto. Mke wa sajenti alikuwa akinunua chisense, vile visamaki vidogo vinavyovuliwa usiku kwa taa, akivianika mchangani na kuviuza kwa magunia. Lakini kila mwaka serikali ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa. Ni amri ya busara, na hakuna mwenye akili aliyeishi kando ya ziwa lile asiyeijua faida yake. Hata hivyo miezi hiyo mitatu ndiyo miezi ya mvua kubwa, na katikati yake shule hufunguliwa. Ada za shule za serikali zilifutwa mwaka 2022, lakini sare, madaftari na viatu havikufutwa. Fedha za kuivukia miezi hiyo zilikuwa ndani ya kopo la maziwa, na kopo lilikuwa chini ya kitanda, upande wa mama.

Mwishoni mwa Novemba sajenti alikwenda Kitwe kumzuru nduguye, na huko dukani akaona sanduku la vyombo vya kazi ya ngozi. Lilikuwa na vyombo arobaini na zaidi: mihuri ya kuchora maua na nyota, magurudumu madogo ya kuchorea mistari, vitobozi vya kila kipimo, visu vitatu, na vitu vingine ambavyo hata muuzaji hakuweza kueleza kazi yake. Bei yake ilikaribia kulimaliza kopo zima. Alirudi Kashikishi moyo wake ukiwa umeachwa Kitwe, akamweleza mkewe mpango wake: atanunua sanduku, atashona mishipi na mikoba, na kabla ya Machi fedha zitakuwa zimerudi.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama ilivyo desturi ya watu wa Luapula, akamwuliza, "Baba, ndani ya sanduku hilo mna ngozi?"

Hamkuwa na ngozi.

"Basi kabla hatujalifungua kopo, nenda kwanza kwa yule mzee wa sokoni anayeshona viatu. Mwombe akuonyeshe vyombo vyake."

Mzee huyo alikuwa amevuka kutoka upande wa Pweto miaka mingi nyuma, na kazi yake aliifanyia chini ya mwembe pembeni mwa soko. Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga, nacho sajenti alikifahamu vizuri, kwa kuwa alikaa zamu miaka mingi katika vituo vya mpakani. Alimsalimu kwa adabu na kumweleza haja yake. Mzee hakutoa hotuba. Alikunjua gunia mbele yake na kusema, "Vyombo vyangu ni hivi, shefu. Hesabu mwenyewe. Na usihesabu kigoda, hicho ni cha kukalia tu."

Ndani ya gunia mlikuwa na kisu kimoja, rula ya chuma, msharasi, sindano mbili zilizovunjwa ncha, donge la nta, nyundo, kipande cha kioo, vipande vya msasa, bikari ya mtoto wa shule, noleo, na kijiti kifupi cheusi chenye mfereji katikati. Mtu huyo alikuwa amewalea watoto sita kwa gunia lile.

Inafaa kukieleza kisu kwanza, maana wanaoanza kazi hii wengi hukidharau wakakimbilia vyombo vya mapambo. Kisu cha mzee kilitengenezwa kwa kipande cha msumeno mpana wa kukatia chuma, kikanolewa kwa mshazari na kufungwa mpini wa ukanda wa ngozi. Chuma cha namna hiyo ni kigumu na hushika makali muda mrefu, ila kina sharti lake: anayekinoa kwa jiwe la mashine lazima akichovye majini kila mara, maana kikipata moto kupita kiasi huweza kupoteza ugumu wake na kisishike makali tena. Kisu kikiwa tayari, hakitumiki hivi hivi. Kila baada ya mikato michache hupitishwa kwenye ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia chuma, mara kumi upande huu na mara kumi upande ule. Kisu butu huivuta ngozi badala ya kuikata, na ukingo uliovutwa hauwezi kunyooka hata ukisuguliwa mwezi mzima. Kwa maneno mengine, ukingo mzuri huanza kutengenezwa kwenye noleo, kabla ngozi haijaguswa.

Rula ni lazima iwe ya chuma. Ya mbao au ya plastiki huliwa na kisu siku ya kwanza. Msharasi waweza kutengenezwa kwa spoki ya baiskeli iliyochongwa kwa tupa, na ndivyo ulivyokuwa wa mzee. Bikari, ile ile ya hesabu, hufungwa kwa upana wa milimita tatu au nne, mguu mmoja ukapita ukingoni na wa pili ukachora mstari wa mshono, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Nafasi kati ya tundu na tundu hupimwa kwa uma wa mezani: meno yake hugandamizwa juu ya mstari, jino la kwanza likiwekwa kila mara katika alama ya mwisho. Fundi wa mjini atacheka akiona uma, lakini mshono hauulizi ulipimwa na nini.

Kuhusu uzi, wakazi wa ufuko wana bahati ambayo watu wa bara hawana. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu unapatikana kila duka la Kashikishi, nao hauozi. Sharti upitishwe kwenye nta mara mbili tatu, kwani bila nta huteleza na mafundo yake hufunguka. Na usivutwe kwa nguvu za kuvuta mtumbwi, maana uzi mwembamba wa nailoni huikata ngozi kama waya. Mshono wenyewe ni wa sindano mbili, moja kila mwisho wa uzi, zote zikipita katika tundu moja zikitoka pande tofauti. Uzi ukikatika mahali pamoja, ule wa upande wa pili hubaki umeshika.

Sajenti alirudi nyumbani na orodha fupi. Kopo lilifunguliwa, zikatolewa fedha za rula, msasa, sindano, noleo na tupa. Bikari alimwazima binti yake, kwa ahadi ya kuirudisha kabla ya shule. Zilizobaki, mama akasema, ni za ngozi.

Na hapo pana jambo la kufahamu. Luapula si nchi ya ng'ombe wengi. Mbung'o waliuzuia ufugaji huko kwa muda mrefu, na ngozi nzito huja kwa basi kutoka mbali. Mwenye kuanza hana budi kujua anachonunua, kwa sababu ngozi ziko za namna mbili kubwa, na ukingo wa namna moja haukubali matengenezo ya namna ya pili. Ya kwanza ni ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Wasomaji wa nyanda za juu za Tanzania wanaujua mmoja wa miti hiyo, mwati, uliopandwa kwa wingi Njombe tangu kampuni ya miwati ilipoanzishwa huko mwaka 1949. Ngozi ya magome ni ngumu kiasi, ina rangi ya udongo toka juu hadi ndani, ikidondoshewa maji hugeuka nyeusi kidogo, na ikibonyezwa kwa ukucha ikiwa mbichi hubaki na alama. Soli nyingi za viatu vya ngozi ni za namna hiyo. Ya pili ni ile iliyotengenezwa kwa dawa za kromi, njia iliyoenea duniani tangu mwisho wa karne ya 19 na ambayo leo huzalisha sehemu kubwa ya ngozi zote. Hii ni laini, hustahimili maji, na ndiyo inayofaa kwa sehemu ya juu ya buti, kama zile ambazo askari wengi wa Tanzania wamezivaa kutoka kiwanda cha Karanga kule Moshi, kilichoanza gerezani katika miaka ya 1970. Ikikatwa, mara nyingi katikati yake huonekana kijivu au buluu hafifu. Ukingo wake ukisuguliwa haung'ai. Huchanika manyoya tu. Dawa yake ni kuupunguza unene, kuukunja kwa ndani na kuushona, au kuupaka rangi nzito tabaka juu ya tabaka.

Sajenti alinunua vipande vya ngozi ya soli kwa kilo, vilivyobaki kwa mfanyabiashara wa viatu. Mzee alimkatalia kushona chochote kwa siku tatu. Alimtaka akate mikanda ya upana wa vidole viwili na kutengeneza ukingo tu, kisha aitupe.

Kazi yenyewe, kwa kuitamka, ni fupi. Ngozi hukatwa kisu kikiwa wima, kwa mkato mmoja ikiwezekana. Kama ni tabaka mbili, hugundishwa na kushonwa kwanza, kisha kingo husawazishwa pamoja kwa msasa uliozungushiwa kibao, namba 220 na baadaye 400, mpaka isionekane tabaka hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Halafu kona mbili kali za ukingo, ya juu na ya chini, huondolewa. Katika sanduku la Kitwe kulikuwa na kifaa maalumu cha kazi hiyo, na ni haki kusema kwamba kati ya vyombo arobaini hicho kingestahili kununuliwa siku moja. Asiyekuwa nacho hukunja msasa na kuupitisha kwa mshazari, taratibu, mpaka kona iwe mviringo. Hatua hii hairukwi. Kona ikibaki kali, ngozi ikisuguliwa hupinduka nje kama kofia ya uyoga, na haikunjuliki tena.

Kisha huja maji, na hapo ndipo sajenti alipoharibu mikanda yake yote ya siku ya kwanza. Aliulowesha ukingo kama anayefua nguo. Ngozi ililainika, ikavimba, na kila alipoisugua ilibonyea kama ugali. Mzee alikiokota kipande kimoja, akakikunja kati ya vidole, akakirudisha bila kukasirika.

"Shefu, unainywesha. Ilambishe tu."

Kulambisha maana yake ni kitambaa kilichochovywa na kukamuliwa, kipite ukingoni mara moja. Juu ya unyevu huo hupitishwa kipande cha sabuni ya mche, ya kawaida ile ya kufulia. Ndipo kijiti cheusi kinapofanya kazi. Cha mzee kilikuwa cha mti ambao Wazambia huuita mukwa na Watanzania mninga. Kilichongwa kutoka mguu wa kiti kilichovunjika, kikachimbwa mfereji wa mviringo wenye upana wa ngozi, na miaka ya kusugua ikakifanya kiteleze kama mfupa. Mfereji huupanda ukingo, mkono huenda na kurudi, kwa wepesi na kasi, si kwa nguvu. Baada ya muda joto husikika vidoleni. Joto hilo, pamoja na unyevu na sabuni, huzilaza nyuzinyuzi na kuzishikamanisha, na ghafla, katika mwendo mmoja usiotofautiana na ule uliotangulia, ukingo hubadilika sura: manyoya hutoweka, rangi hukolea, na kijiti huanza kuteleza bila sauti. Sajenti mstaafu, mtu aliyekwisha kuona mengi, alimwita mkewe aje atazame.

Ukikauka, husuguliwa tena kwa msasa laini na kurudiwa yote toka mwanzo. Mara ya pili au ya tatu hupakwa nta ya nyuki na kusuguliwa kwa kitambaa kigumu cha turubai mpaka nta iyeyuke na kuingia ndani. Nta ya mshumaa haifai. Ni kavu na huvunjika mshipi unapokunjwa. Mtu mmoja sokoni alishauri wanga wa muhogo badala ya sabuni, kwa kuwa muhogo ndicho chakula cha nchi ile na hauna bei. Sajenti alijaribu. Ukingo uling'aa kuliko wote, akafurahi. Jioni mvua ikaunyea, wanga ukayeyuka, na mshipi ukanata kwenye shati lake. Wanga una mahali pake, lakini si kando ya ziwa.

Mvua ilimfundisha na mengine. Ngozi iliyoachwa pembeni mwa nyumba mwezi Desemba ilifanya ukungu wa kijani kwa muda mfupi. Alitaka kuianika karibu na moto. Mzee akamzuia, kwa kuwa ngozi mbichi ikipata moto hukakamaa na kupasuka. Ilifutwa kwa kitambaa kikavu na kutundikwa kivulini penye upepo, chini ya paa, mahali mama alipokuwa akiweka nyavu za kuanikia samaki.

Januari ilipofika, kazi ya kwanza iliyoleta fedha haikuwa mshipi wala mkoba. Ilikuwa viatu vya shule: soli zilizoachama, kamba zilizokatika, visigino vilivyoliwa upande mmoja. Sajenti alizirudishia soli pale pale barazani, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea, kila soli aliyoshona aliisawazisha na kuisugua ukingo wake, ingawa hakuna mzazi aliyemwomba wala kumlipa kwa hilo. Bikari ilikuwa imerudi shuleni na mwenyewe. Alinunua nyingine.

Mwezi Februari mke wake alileta shauri ambalo hakuna sanduku lingelitoa. Wanawake wanaopasua samaki wakubwa sokoni hubeba visu vyao vikiwa vimefungwa kwa matambara, na kila mwaka kuna mmoja anayejikata. Alitaka ala ya kisu chake, ya tabaka mbili, iliyoshonwa kwa uzi wa nyavu. Alitaka hasa mdomo wake na ukingo wake visuguliwe sana, kwa sababu maji ya samaki yana chumvi na mafuta, na kitu chochote kilicho wazi huyanywa na kunuka. Sajenti alitengeneza moja, akaikataa mwenyewe kwa kuwa mishono miwili ilikuwa imepinda, akatengeneza ya pili. Katikati ya tabaka, upande wa makali, alitia ukanda mwembamba wa ngozi ili kisu kisiufikie uzi na kuukata. Hilo alilielekezwa na mzee, ambaye alilazimika kulisema mara mbili.

Uvuvi ulipofunguliwa Machi, ala ile ilikuwa kiunoni mwa mama kila asubuhi kwenye ufuko, ikilowa na kukauka, ikilowa na kukauka. Baada ya wiki nne aliileta nyumbani, akaikagua ukingo mbele ya mumewe kwa ukucha wa kidole gumba, toka mdomoni hadi nchani, akakuta mahali pamoja tu, karibu na fundo la mwisho, palipoanza kunyanyuka unywele. Sajenti alichukua msasa, sabuni na kijiti chake mwenyewe cha mninga, akakaa mlangoni penye mwanga. Wenzake watatu wa pale sokoni, mama akamwambia wakati akisugua, wanauliza bei.